Kurasa Kumi na Moja za Bwana Ballantyne

Bwana Crawford Ballantyne wa Edinburgh alinipigia simu mara ya kwanza tarehe nne Januari, mimi bado nina mafua ya mwaka mpya na nusu ya watu wa Torrasay hawajakubali kwamba sherehe zimekwisha. Alitaka kukodi nyumba yangu ya ufukweni wiki ya pili ya Julai. Nikamwambia wiki hiyo iko wazi. Nilidhani tumemaliza.

"Bi Una," akasema, "tovuti yako inasema nyumba inatazama bahari. Inatazama kwa kiasi gani?"

"Ukifungua mlango wa mbele bila kuangalia, utalowa."

"Nauliza kwa sababu mwaka jana tulikwenda kisiwa kingine, tukaahidiwa bahari, na tulipofika ilikuwa upande wa kushoto."

"Hapa iko mbele. Na ukitembea dakika ishirini kwenda nyuma utaikuta tena. Ni kisiwa, bwana."

Nikasikia kalamu yake ikiandika.

Kazi yake ilikuwa kukadiria watu watakufa lini, kwa niaba ya kampuni ya bima, na nadhani kazi ya namna hiyo humfanya mtu aione wiki moja ya mapumziko kama mgonjwa wa kuchungwa. Alinipigia kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Aliuliza jogoo wa jirani huwika saa ngapi, na kama jirani angekubali kuzungumzwa naye. Aliuliza kuhusu kengele ya kanisa. Aliuliza kama kondoo wa hapa hulia. Alitaka kujua tai huonekana wapi, siku gani, na nikimwambia tai hupita anapotaka mwenyewe, alirudia swali taratibu kama mtu anayeongea na karani mzembe.

"Wageni wengine huwaona?" akauliza.

"Wengine huwaona. Wengine huona shakwe wakafurahi vilevile."

Mwezi wa pili akaniletea mpango wake kwa barua pepe. Ulikuwa na kurasa kumi na moja. Kila siku ilikuwa na jedwali lake, kuanzia kuamka saa moja kasorobo hadi "mazungumzo ya kifamilia" saa mbili na nusu usiku, na kila jedwali lilikuwa na jedwali la akiba ikiwa mvua itanyesha. Jumatatu, kutembea ufuo wa magharibi, dakika arobaini. Jumanne, kutazama fisi maji. Jumatano, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni: "Mzee wa kisiwa kusimulia hadithi za asili." Pembeni ameandika kwa herufi nyekundu: Bi Una atafute mzee.

Niliuchapa na kuupeleka dukani, maana kitu kama hicho hakifai kuchekwa na mtu mmoja. Duka letu ndiyo posta, na ndipo mahali pa kupata chai watu wakiwa wamechoka kukaa kwao. Lachie alikuwepo, kama kawaida. Lachie ana miaka sabini na nane, na thelathini kati ya hiyo aliendesha winchi bandarini Rotterdam. Anachopenda duniani ni vishale vya kurusha ukutani, na kusema vibaya juu ya wanaovirusha kwenye televisheni.

"Mzee wa kisiwa," nikamwambia. "Nimekuona wewe."

"Hadithi za asili gani?"

"Zozote."

"Ninayo moja ya kontena la ndizi."

Mpwa wangu Ceit naye alikuwepo, amekuja kutuma barua za shule. Ceit ni mtoto wa kaka yangu, na ndiye mwalimu wetu. Bila yeye watoto tisa wa Torrasay wangepanda boti kila asubuhi. Alicheka tulipofika kwenye fisi maji. Tulipofika kwenye tarehe akaacha kucheka, akaweka mkono tumboni, mahali ambapo kipindi hicho palikuwa bado hapajatokeza kitu.

"Wiki ya pili ya Julai," akasema. "Ndiyo wiki niliyopewa mimi na daktari."

Nikageuza ukurasa.

Hapa lazima nieleze. Nyumba yangu ya ufukweni ilikuwa ya mama yangu. Kuanzia Oktoba hadi Aprili huwa wanakaa humo Ceit na mumewe Torcuil, anayefanya kazi kwenye vizimba vya samaki. Aprili wageni wanaanza kuja, na Ceit na Torcuil wanafunga masanduku na kuhamia kwenye karavani, ile nyumba ya bati yenye magurudumu iliyo mlimani nyuma ya kwangu, mpaka Oktoba tena. Huo ndio utaratibu wa kisiwa kizima. Nyumba nyingine hapa zina taa wiki sita kwa mwaka, na vijana wetu wamekaa kwenye mabati wakizitazama. Sikuuanzisha mimi utaratibu huo. Niliufuata tu, na niliufuata vizuri.

Katikati ya Machi, Jumamosi moja, simu yangu ikalia.

"Shangazi," Ceit akasema, taratibu sana, "kuna mwanamume bafuni kwetu anapima sinki la kuogea kwa tepu. Anasema anakufahamu."

Nilivaa buti za mpira nikashuka. Nilimkuta Bwana Ballantyne ameketi mezani ana kikombe cha chai, maana Ceit amelelewa. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye koti la mvua jipya lenye mifuko mingi kuliko vitu. Kumbe alikuwa ameamua kuja kufanya mazoezi ya likizo. Ndivyo alivyosema: mazoezi. Angepima kila safari kwa saa, ili Julai familia isipoteze muda. Alikuwa ameniandikia siku moja kabla, lakini siku hiyo mtandao wa kisiwa ulikuwa umekatika. Mlango aliukuta haujafungwa, kama milango yote ya hapa, na kwa kuwa nyumba ameshaikodi aliona ni yake.

"Sikujua kuna wakazi," akaniambia, kama mtu aliyekuta nywele kwenye supu.

"Ni wa majira ya baridi tu," nikasema. "Aprili wanahama."

"Wanahamia wapi?"

Ceit alinyoosha kijiko kuelekea dirishani. Karavani ilionekana vizuri kutoka pale, imefungwa kwa kamba kwenye vipande viwili vya zege.

"Aa," akasema Bwana Ballantyne, uso wake ukachangamka. "Kwa hiyo mna nyumba mbili."

Ceit akachukua birika. Akamwongezea chai. Mgeni akainuka akaenda kukitazama kitanda kidogo cha mtoto ambacho Torcuil alikuwa ameanza kukichonga, kimeegemezwa ukutani hakijapigwa msasa.

"Na hiki kitabaki?" akaniuliza. "Kinapendeza. Kinaleta hali ya kienyeji."

Alitegemea kulala humo hadi Jumatatu. Hoteli ilikuwa imefungwa mpaka baada ya Pasaka. Mimi nilikuwa na chumba cha wageni, kikavu, kitanda kimetandikwa, lakini mtu huyo alikuwa amenipigia simu Jumapili kumi, na moyo wangu ukaniambia maneno mabaya nikayasikiliza. Nilimwambia chumba changu kina unyevu. Nikampa karavani.

Jumapili upepo ulianza. Jumatatu feri haikuja. Jumanne ilikuja hadi mdomoni mwa ghuba, ikatutazama, ikageuka. Wakati huo karavani ilikuwa inapiga kelele kama debe lililofungwa nyuma ya gari. Yule bwana hakukata tamaa na kazi yake. Alitembea ufuo wa magharibi kama alivyopanga. Kwenda kulimchukua saa mbili na dakika kumi, ameinama kama anasukuma ukuta, na kurudi kulimchukua dakika kumi na moja. Alikuja kwangu kuandika hesabu hizo, kwa sababu mlimani karatasi hazikai mezani.

"Nitatumia wastani," akasema.

Nilimpa supu ya kondoo na shayiri. Alikula bakuli tatu bila kuinua kichwa. Vyakula vyake alikuwa amevileta vyote kutoka Edinburgh kwenye sanduku la barafu, pamoja na maji, lakini gesi ya karavani ilikuwa imeisha na mimi nilikuwa sijakumbuka kumwambia inabadilishwaje. Nilikumbuka, kwa kweli. Sikumwambia tu.

Jumatano mchana Lachie alikuja kwangu kusikia habari. Nilimweleza yote: jinsi mgeni alivyolala na buti, jinsi alivyofunga mlango kwa mkanda wa suruali, jinsi kopo lake la kahawa lilivyokutwa kwenye shamba la jirani. Lachie alicheka mpaka akaanza kukohoa. Ceit aliingia katikati, shule imefungwa. Alivua koti, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Shangazi," akasema, "mgeni umemweka kwenye karavani siku nne ukaona ni adhabu."

"Na ni adhabu kweli. Anastahili."

"Sisi unatuweka miezi sita."

Lachie akaanza kuangalia ndani ya kikombe chake.

"Si sawa, Ceit. Hiyo ni miezi ya joto."

"Juni mwaka jana tulikaa ndani siku tisa kwa mvua. Torcuil aliweka ndoo tatu. Ulikuja ukasema moja nikurudishie, ulikuwa unaihitaji."

Hilo lilikuwa kweli, na ndoo nilirudishiwa.

"Watu wamelelewa pabaya zaidi ya hapo," nikasema. "Mimi na baba yako..."

"Wewe na baba yangu mlizaliwa kwenye ile nyumba ya ufukweni," akasema Ceit. "Sijui mtoto wangu nimwambie alizaliwa wakati wa nani. Wakati wa wageni kutoka Edinburgh, nadhani."

Hakupaza sauti. Alivaa koti akatoka, akaurudisha mlango polepole sana, na kwa mtu anayeijua familia yetu hilo ni baya kuliko kuubamiza.

"Supu imebaki?" Lachie akauliza.

"Nenda kwako, Lachie."

Alhamisi feri ikafika. Nilimsindikiza Bwana Ballantyne gatini, nikitegemea kusikia kwamba amebadili mawazo, kwamba Julai atakwenda Uhispania kama watu wenye akili. Alikuwa hajanyoa, jicho moja limevimba kwa kukosa usingizi. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Nina mengi ya kurekebisha," akasema, akapanda.

Wiki moja baadaye ikaja barua, ya karatasi kabisa, nami niliifungua papo hapo kaunta ya posta nikiwa tayari kucheka. Alisema amefikiri sana. Siku zile tano, alisema, zilikuwa za kweli kuliko likizo zote alizowahi kufanya. Kule juu aliishi kama watu wa kisiwa wanavyoishi hasa. Nyumba ya ufukweni ni nzuri, lakini ni nyumba tu, hata Edinburgh zipo. Angependa kuikodi karavani pia, kwa ajili ya mabinti zake wawili mapacha, ili nao waonje. "Ikiwa, bila shaka, wale wakazi hawataihitaji wiki hiyo."

Nilicheka kwa sauti. Mwenye duka akaniomba nimsomee, nikaanza, nikafika kwenye "wale wakazi", nikaikunja barua. Nikasema nitamalizia kesho.

Nilichukua siku tatu kujibu. Sitaki mtu afikiri niliona nuru. Nilikaa na kalenda ya wageni, wiki ishirini na mbili, karibu zote zimejaa, na niliipenda kalenda ile. Nilijaribu kutafuta njia ya kumweka kila mtu mahali pake bila mimi kupoteza kitu. Nilifikiri kuhusu chumba changu cha wageni, kile chenye unyevu. Lakini kila nilipoinua macho niliona dirisha, na dirishani kulikuwa na karavani, na kopo la kahawa la Bwana Ballantyne limekwama kwenye uzio wa shamba la jirani chini yake.

Mwishowe nikaandika mistari miwili. Nyumba ya ufukweni haikodishwi tena, kuna watu wanaishi. Karavani ipo, kwa watu wanne, akiitaka.

Alipiga simu Jumapili.

"Bi Una, kumetokea nini?"

"Kuna mtu atazaliwa."

"Lini?"

"Wiki yako."

Nikasikia kalamu yake ikiandika. "Kwa kazi yangu nashughulika na upande ule mwingine," akasema, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akitania, kama alikuwa anatania. "Vema. Karavani. Ile gesi inabadilishwaje?"

Nikamwambia.

Kwa Ceit sikwenda na maneno mazuri, kwa sababu sina. Nilikwenda na funguo za nyumba, ambazo hakuna aliyewahi kuzitumia, nikaziweka mezani nikasema hapatakuwa na kuhama mwezi wa nne. Torcuil alikuwa amepiga magoti anapiga msasa kile kitanda. Akauliza ni kwa mwaka huu au kwa siku zote.

"Kwa mwaka huu," nikasema, halafu nikaona jinsi Ceit anavyonitazama. "Andikeni karatasi ya siku zote. Nitasaini."

Waliiandika jioni ileile. Ceit ni mwalimu. Hakuacha nafasi hata ya koma.

Wageni wengine niliwaandikia barua za kuwaomba radhi, na mmoja wao, mama wa kutoka Perth, alinijibu kwa lugha ambayo sikujua inatumika Perth.

Akina Ballantyne walikuja Julai kama ilivyopangwa. Ilinyesha siku sita kati ya saba. Siku ya kwanza niliwaona wakipita wote wanne kwa mstari, yeye mbele na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, mkewe Rhona nyuma kabisa. Siku ya pili Rhona alibisha hodi kwangu, ana kitabu kwapani, maji yanamtiririka puani.

"Naweza kukaa hapa mpaka waone fisi maji?" akauliza.

"Inaweza kuchukua muda, mama."

"Ndiyo, natumaini."

Alikaa jikoni kwangu wiki nzima. Hakuwa na shida. Alisoma, akamenya viazi, akalala kwenye kochi mdomo wazi. Mara moja nilimuuliza kama hiyo ndiyo likizo aliyoitaka. Alisema yeye hajawahi kuulizwa swali hilo, akageuza ukurasa.

Jumatano saa kumi kamili Bwana Ballantyne alimletea Lachie mabinti zake dukani. Lachie alikuwa amevaa tai. Aliwasimulia kontena la ndizi lililofunguka juu ya gari la mkuu wa bandari ya Rotterdam, kisha akaning'iniza ubao wake ukutani akaanza kuwafundisha kurusha vishale. Mabinti, ambao kwa siku nne walikuwa na nyuso za wafungwa, wakaanza kupiga kelele za furaha. Baba yao alitazama saa yake, akatazama karatasi.

"Mzee," akasema, "mimi nilitarajia kitu cha hapa."

"Wa hapa ni mimi, kijana," Lachie akamwambia, bila kugeuka. "Nikisema chochote, tayari ni cha hapa. Sogea, umesimama mbele ya ubao."

Akasogea. Saa kumi na moja ilipofika mabinti walikataa kuondoka, na kwa mara ya kwanza mpango ule ukachelewa, kwa saa mbili na robo. Alibaki pembeni ameshika karatasi zake kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Mtoto alikuwa amezaliwa Jumanne ya wiki yao, hospitali ya bara, maana siku hizi huku hatuzalishwi. Jumamosi feri iliyokuja kuwachukua akina Ballantyne ndiyo iliyomleta Ceit. Nilikuwa gatini. Torcuil alikuwa amebeba kila kitu isipokuwa mtoto, na mtoto alikuwa amefungwa hata haonekani zaidi ya pua. Bwana Ballantyne, anayejua adabu, alitangulia kuwapa mkono.

"Mna bahati kubwa," akamwambia Torcuil, "kuishi mahali kama hapa mwaka mzima."

"Ndiyo," Torcuil akasema. "Huu ndio wa kwanza."

Sidhani kama alielewa. Alitabasamu, akawahesabu watu wake, akawakuta watatu, akamrudia Rhona aliyekuwa bado ananikumbatia.

Baadaye walinipa nyota tatu kwenye tovuti. Aliandika kwamba mahali pana ukweli wa kipekee ila tai hawazingatii ratiba. Watu wa Torrasay hawakunisifu. Wawili watatu wenye nyumba za wageni walinung'unika kwamba nimewaharibia, sasa vijana wao nao wanauliza maswali. Karavani nimeikodisha mpaka mwisho wa Septemba kwa watu wa aina ileile, wanaopenda kuteseka wakiwa na tiketi ya kurudi, na haijawahi kunilipa vizuri hivyo, kwa hiyo msinihurumie.

Siku aliyorudi, Ceit alinipa mtoto nimbebe katika nyumba ya ufukweni, pale pale mama yangu alipokuwa anakaa. Nilisubiri waniambie jina, nikajifanya sisubiri. Walimwita Marsaili, jina la mama yake Torcuil. Nikasema ni jina zuri. Ceit akaniangalia kidogo, akaniuliza kama nitakula nao, nikasema ndiyo, akaongeza sahani.